Mvua ya mawe, upepo wa kuezua na radi Dodoma: maswali mnayoniuliza kila Novemba

Kabla hamjaanza kunipigia simu: mi sio mtu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini na ekari moja na nusu ya zabibu kule Hombolo, basi. Ila ukiuza bati miaka mingi unajikuta unasoma mawingu bila kupenda, maana upepo ukipita Nkuhungu jioni, kesho yake asubuhi foleni iko dukani kwangu na wote wanauliza yaleyale, kwahiyo nimeona niyaandike sehemu moja, mtu akiuliza namtumia asome mwenyewe.

Nikisoma mambo ya hali ya hewa naona "dhoruba za kiangazi", mbona kwetu kiangazi hakuna hata wingu?

Hapo tafsiri ndo imetuchanganya. Ulaya na Marekani ngurumo zinakuja majira yao ya joto, sasa mtafsiri anaandika "kiangazi", na mtu wa Dodoma kiangazi anakijua ni Juni mpaka Oktoba, vumbi, ng'ombe wamekonda, mbingu nyeupe. Majira ya joto ya huku kusini mwa ikweta ni Desemba mpaka Februari, na kwetu ndo hapohapo mvua. Tena hatuna vuli na masika kama watu wa Dar au Moshi. Tuna msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili, TMA wanauita mvua za msimu, na mwaka mzima tunaambulia kama milimita 550 hadi 600. Hizo hazidondoki taratibu. Zinakuja kwa mikupuo, unakaa wiki mbili unaangalia juu, alafu siku moja jioni ndani ya dakika arobaini korongo limejaa.

Kwanini mvua za kwanza zinakuja na upepo wa kuezua kuliko za Februari?

Swali zuri kuliko yote na ndo linaloniletea wateja, ngoja nilielezee kwa kirefu.

Unaujua mtungi wa bibi, ule wa udongo. Maji yanajipenyeza nje kidogo kidogo, yanakauka, na kile kitendo cha kukauka kinanyonya joto, ndo maana ya ndani yanakuwa ya baridi hata jua likiwaka vipi. Sasa Novemba hewa ya Dodoma iliyoko karibu na ardhi ni ya joto na ni kavu sana. Kuna hesabu ya haraka ya wataalamu: chukua joto la hewa, toa lile joto ambalo unyevu ungeanza kuwa umande, kila nyuzi moja ya tofauti zidisha mita 125, unapata kitako cha wingu kiko juu kiasi gani. Siku ya Novemba joto 32 na umande 14, tofauti 18, kitako kiko mita 2,250 juu ya kichwa chako. Siku ya Februari yenye unyevu, joto 29 na umande 19, kitako kiko mita 1,250 tu.

Kwahiyo mvua ya Novemba inaanguka zaidi ya kilomita mbili kwenye hewa kavu, inakauka njiani, mara nyingine unaiona kabisa inaning'inia kama pazia la kijivu chini ya wingu na haifiki chini. Ikikauka inaipoza ile hewa kama mtungi, hewa ya baridi ni nzito, inaporomoka. Ikigonga ardhi haina pa kwenda, inatawanyika pembeni kama ndoo ya maji uliyoimwaga kwenye sakafu. Huo ndo upepo unaokuja na ukuta wa vumbi kabla hujaona tone hata moja. Watu wanasema "mvua imekimbia, umebaki upepo", wakati ukweli ni kwamba mvua haijakimbia, imegeuka upepo.

Februari hewa ya chini ishalowa, kitako kiko karibu, mvua inafika ikiwa mvua. Sisemi Februari hakuna upepo, upo, hasa mvua ikiwa nzito inaivuta hewa kushuka nayo. Ila ule wa vumbi jekundu la ghafla ni wa mwanzo wa msimu.

Ule upepo ni kimbunga?

Hapana, na naomba tuache kuliita kila jambo kimbunga. Kimbunga kinazaliwa baharini kwenye maji ya moto, kama nyuzi 26 na nusu kwenda juu, kina upana wa mamia ya kilomita na kinatangazwa siku kadhaa kabla. Kama Hidaya ya Mei 2024 iliyofika Mafia. Kikipanda nchi kavu kinakosa chakula kinakufa, kije kifike Dodoma kikiwa kimbunga sahau.

Kile kinachozunguka saa saba mchana kiwanjani Septemba na Oktoba, kinabeba makaratasi na mifuko, ni kisulisuli, kinatoka chini kwa sababu ya ardhi kuwaka na hakihitaji wingu. Kinaudhi tu, ingawa mabati yaliyolegea kinaweza kuyapeperusha.

Upepo wa kuezua ni ule niliosema wa hewa inayoporomoka kutoka kwenye wingu la radi. Aliyeutambua vizuri ni Mjapani mmoja, Tetsuya Theodore Fujita, profesa wa Chicago. Mwaka 1945 aliangalia uharibifu wa bomu la atomiki kule Nagasaki akaona miti imelala kama miale ya nyota kutoka kwenye kitovu kimoja. Miaka karibu thelathini baadaye anaruka na ndege juu ya misitu iliyopigwa na dhoruba Marekani anaona nyota zilezile, akajua kuna upepo unaoshuka wima na kutawanyika. Juni 1975 ndege ikaanguka ikitua New York kwenye dhoruba, akaichunguza, akaonyesha ni huohuo. Mwanzoni wenzake walimbishia sana.

Na wewe unaweza kufanya kama Fujita, ukiamka asubuhi angalia miti na mabati yamelala upande gani. Yakilala upande mmoja au yametawanyika kama feni, ni upepo wa kuporomoka. Yakiwa yamesokotwa kuelekea kwenye mstari mwembamba, hapo ndo unaweza kuanza kuwaza ule mzunguko wenye mkia unaogusa chini, ambao kwetu ni adimu.

TMA wakisema "vipindi vya mvua na ngurumo kwenye baadhi ya maeneo", si ni kukwepa lawama?

Mi nilikuwa nawatukana hivyohivyo. Sasa nimeelewa. Wingu moja la radi linaweza kuwa na upana wa kilomita kumi tu na likaishi nusu saa mpaka saa nzima. Modeli za kompyuta za dunia nzima zinaigawa dunia kwenye viboksi, ya Ulaya ina viboksi vya kilomita 9 hivi, ya Marekani 13. Wingu lako ni kiboksi kimoja. Ni kama kutaka kumuona sisimizi kwenye picha ya uwanja wa Jamhuri.

Kinachowezekana ni kujua kama mapishi yapo. Unyevu wa kutosha chini, hewa ya juu iwe ya baridi ili ya chini ikianza kupanda iendelee kupanda, na kitu cha kuisukuma ipande, mfano kilima, au ncha ya upepo wa wingu lililokufa saa moja iliyopita. Hayo siku moja mpaka tatu kabla unaweza kuyaona kwa mkoa mzima. Kwamba litafumuka juu ya Mkonze au juu ya Ihumwa, hilo utalijua saa moja kabla, mara nyingine nusu saa, na hakuna nchi duniani inayoweza kukuambia jana yake.

Kwahiyo gawanyeni kazi. TMA wanakupa siku. Saa unaipata kwa macho yako.

Rangi na maneno ya tahadhari yanamaanisha nini?

TMA wanatoa utabiri wa hali mbaya ya hewa wa siku tano. Angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Watu wanaishia kwenye rangi, wanaacha ile mistari miwili ya chini ambayo ndo utamu: "uwezekano wa kutokea" na "kiwango cha athari", kila moja inaandikwa mdogo, wastani au mkubwa. Uwezekano mdogo athari kubwa inaweza kukupa njano, na uwezekano mkubwa athari ndogo nayo njano, lakini hizo siku mbili hazifanani hata kidogo. Mi ya kwanza ndo naiogopa, siku hiyo sianiki kitu wala sipandishi fundi juu ya paa baada ya saa saba.

Utaona pia wanaandika upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa. Usiseme ah 40 ni spidi ya bajaji. Nguvu ya upepo haiendi sambamba na spidi, spidi ikiongezeka mara mbili nguvu inakuwa mara nne.

Apu kwenye simu inasema asilimia 40, nibebe mwavuli?

Maana yake siku kama hiyo zikiwa kumi, kwako itanyesha kama nne. Haimaanishi itanyesha kidogo, wala haisemi chochote kuhusu ukali. Nyingi ya hizo apu zinachukua modeli ya dunia, hakuna mtu aliyeketi anaangalia Dodoma. Mi nazitumia kwa kitu kimoja, nalinganisha leo na jana: kama jana ilikuwa 10 na leo 50 basi hewa imebadilika, naanza kuangalia juu.

Kizuri zaidi ya asilimia ni picha ya satelaiti. Meteosat za Ulaya zimekaa juu ya Afrika muda wote, ile iliyorushwa Desemba 2022 inapiga picha nzima ya huku kwetu kila dakika kumi na ina jicho la kuhesabu radi mchana na usiku. Ukifungua picha saa tisa alasiri ukaona kidoti cheupe upande wa Kongwa, baada ya dakika kumi kimekuwa kama chapati, dakika kumi nyingine kimekuwa na kingo kali upande mmoja, acha unachofanya kaanue.

Rada ni nzuri kuliko satelaiti kwa mvua ya mawe, maana inaona ndani ya wingu, mawe yanarudisha mwangwi mkali sana. TMA wanazo, walianzia Dar es Salaam na Mwanza. Ila rada ikiwa mbali mionzi yake inapita juu ya kichwa cha wingu lako, dunia imepinda, kwahiyo usitegemee rada ya Dar ikuonyeshe Bahi.

Nitajuaje kwa macho? Mi sina bando.

Asubuhi anza na jasho. Ukiamka Dodoma na shuka limenata, unyevu umeingia, hiyo sio kawaida yetu. Saa tano angalia mawingu madogo, yakiwa bapa kama maandazi yaliyogoma kuumuka hamna kitu. Yakianza kuumuka kwenda juu, marefu kuliko upana wake, kabla ya saa sita, siku hiyo ina nguvu. Saa nane mpaka saa kumi na mbili jioni ndo muda wake.

Kichwa cha wingu kikiwa na kingo kali kama koliflawa bado linakua. Kikianza kulainika na kusambaa bapa kama fuawe ya mhunzi, limefika kwenye paa la anga na barafu tayari ipo ndani. Ukiona juu ya hiyo fuawe kuna kinundu kinachotokeza na hakipotei, hewa inayopanda ina nguvu ya ajabu, hilo ndo la mawe na la upepo.

Alafu inakuja dakika ya mwisho ambayo wengi wanaikosea. Upepo uliokuwa unavuma kwenda kwenye wingu unakata. Kimya, hata majani ya mwarobaini hayatikisiki. Watu wanasema afadhali imepita. Kisha unakuja upepo wa baridi kutoka upande wa wingu wenyewe, na harufu ya vumbi lililolowa. Tangu ule ukimya una dakika chache tu, ingiza watoto, shusha bati za mlango wa duka, kama uko kwenye bodaboda tafuta jengo, usisimame chini ya bango la matangazo.

Mi Hombolo nimezoea kuyaona yakitokea mashariki. Ila wingu jipya linaweza kufumuka hapohapo juu yako pale pepo mbili za baridi zinapogongana, hilo halina upande.

Barafu inatoka wapi na Dodoma hii ya joto?

Huku kwetu ukipanda kama kilomita 5 kutoka usawa wa bahari joto linafika sifuri. Wingu la radi linapanda kilomita 12, 15 na zaidi, kwahiyo zaidi ya nusu yake iko kwenye friza. Cha ajabu ni kwamba maji kule juu hayagandi mara moja, kuna matone yako chini ya sifuri na bado ni maji, yanasubiri kuguswa. Kipande kidogo cha barafu kikipita yanakigandia. Hewa inayopanda inakishikilia kisianguke, kinaendelea kunenepa, tabaka jeupe, tabaka la kioo, ukilipasua jiwe kubwa utaona kama kitunguu. Likishinda nguvu ya ile hewa linaanguka.

Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya bahari, kwahiyo jiwe lina karibu kilomita 4 za kuyeyuka kabla ya kufika. Dogo linaishia kuwa tone la baridi, lile ambalo ukilowa nalo unasema hii mvua vipi. Ukiwa kwenye milima, safari ya kuyeyuka ni fupi, ndo maana Kericho kule Kenya kwenye chai, juu zaidi yetu, mawe ni kitu cha kawaida.

Kubwa lililowahi kupimwa vizuri lilianguka Vivian, South Dakota, Julai 2010, upana sentimita 20, karibu kilo moja. Zito kabisa la kilo 1.02 ni la Gopalganj, Bangladesh, Aprili 1986.

Mvua ya mawe inaweza kuua kweli?

Machi 2015 usiku, kijiji cha Mwakata wilaya ya Kahama, majirani zetu tu ukipita Singida na Nzega. Mvua ya mawe na upepo, watu zaidi ya 40 walikufa. Wengi ni nyumba zilizowaangukia, kuta za udongo zikishalowa zinalainika na bati zikishang'oka hakuna kinachozishika kuta kwa juu. Nayasema haya kwa sababu mtu akisikia "mawe" anawaza kupigwa kichwani. Ukuta ndo unaua. Kama nyumba ni ya tofali za udongo na maji yanapiga ukuta, hamia chumba chenye kuta fupi na imara kuliko vyote, kaa mbali na ule ukuta mrefu wa mwisho wenye pembetatu ya paa.

Na ilikuwa usiku, ambapo macho yangu na yako hayasaidii. Siku TMA wametoa tahadhari lala na simu ina chaji.

Bati gani haling'oki?

Mnategemea nitasema nunua geji 28, lile nene zaidi, badala ya 30. Nitasema, ndiyo, hasa kwa mawe. Ila kwa upepo geji sio inshu kubwa mnayodhani.

Upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukuma kama kilo 47 kwenye kila mita ya mraba. Bati la mita tatu lina kama mita za mraba 2.4, kwahiyo ni zaidi ya kilo 100 zinazolinyanyua bati ambalo lenyewe halifiki kilo 10. Kwenye kingo za paa mnyonyo unazidi hapo. Sasa nani anashika? Msumari. Msumari umeshikwa na papi (mbao inayopigiliwa bati), papi imeshikwa na kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), na kenchi imeshikwa na nini? Nyumba nyingi ninazoona zimeezuliwa bati bado zimekaa kwenye papi vizuri kabisa, kitu kizima kimeng'oka na mbao zake kimeenda kutua kwa jirani. Kenchi ilikuwa imekalia ukuta kwa uzito wake tu.

Acheni waya mzito au nondo itokeze kwenye linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) wakati wa kumwaga zege, kenchi ifungwe nayo. Papi zisiachane sana, na pembezoni ziwe karibu zaidi. Piga misumari ya kofia kwenye kila mgongo kwenye mistari miwili ya mwanzo. Baraza ndo adui, upepo unaingia chini yake kama mkono chini ya sufuria. Ya kwangu dukani ilinyanyuka Desemba moja, fundi jina namhifadhi, alipiga papi tatu sehemu ya tano na mi muuza misumari nilikuwa nimesimama pale naangalia bila kuhesabu. Aibu.

Mapaa ya kuficha ya siku hizi yanapigwa na upepo kidogo kweli, ila mawe yakijaa kwenye ile mifereji maji hayana pa kutokea, yanaingia ndani. Safisha mfereji Oktoba.

Zabibu zangu nazikingaje?

Mavuno yetu ya kwanza ni Februari na Machi, kwahiyo kichane kinakua chote ndani ya msimu wa mvua, hakuna kukwepa. Mendoza kule Argentina wanafunika mashamba kwa nyavu maalum za mawe. Kwa ekari moja na nusu nimepiga hesabu, nimeishia kuguna. Ninachofanya ni kuacha majani ya kutosha juu ya vichane upande mawe yanakotokea, mtu akikuambia punguza majani yote jua liingie mwambie asubiri Aprili.

Yakishapiga, usikate hasira. Ingia shambani matawi yakikauka, toa punje zilizopasuka maana ndo mlango wa kuoza, na piga dawa ya kuvu mapema, siku hiyohiyo au kesho yake. Muulize afisa ugani ipi na siku ngapi kabla ya kuvuna. Alizeti iliyopigwa ikiwa ndogo inaweza kujikongoja, ikipigwa kichwa kikiwa kimejaa basi. Uwele na mtama shida ni kulala, sio mawe.

Sola na gari je?

Paneli za sola zenye viwango zinajaribiwa kwa kupigwa kipande cha barafu cha milimita 25 kwa spidi ya mita 23 kwa sekunde, kilomita 83 kwa saa. Omba uone hiyo karatasi ya kiwango kabla ya kulipa, za mtaani zisizo na jina sijui wala siuzi. Gari, kama unaendesha mawe yakaanza, punguza mwendo, kadiri unavyokimbia ndivyo unavyoyafuata kwa kioo. Tafuta pa kusimama, usisimame kwenye korongo hata kama ni kavu. Maji ya sentimita 60 yanabeba gari nyingi.

Kuzuia mawe kwa baruti, inawezekana?

Hakuna ushahidi kwamba mizinga ya kelele inafanya kitu. Wingu lenye ngurumo zake lenyewe halitishwi na baruti yako.

Radi: nifunike vioo, nivue nguo nyekundu?

Funika ukipenda, mama yangu mpaka leo anafunika na sibishani naye. Kioo hakivuti radi wala rangi haivuti. Inafuata njia fupi kwenda ardhini, kwahiyo kitu kirefu kilicho peke yake, mbuyu, mnara, na wewe ukiwa umesimama katikati ya shamba la karanga. Ukiona mwanga hesabu mpaka usikie ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikiwa sekunde 30 au pungufu uko ndani ya eneo lake, ingia kwenye nyumba yenye kuta au gari lenye paa la chuma. Bajaji ya turubai sio gari kwa hili, banda la bati lisilo na kuta nalo hapana. Subiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho.

Ng'ombe kufa kumi kwa mpigo chini ya mti sio uchawi wa jirani. Umeme unasambaa ardhini, ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali, unapanda huku unashukia kule ukipita kwenye moyo. Usiwakusanye chini ya mti.

Mwaka wa El Nino mawe yanaongezeka?

El Nino inahusu msimu mzima, mvua nyingi au chache. Mawe na upepo ni mambo ya alasiri moja. Mwaka mkavu unaweza kuwa na siku moja mbaya ukaezuliwa hiyohiyo. Mwelekeo wa msimu ambao TMA wanautoa kabla ya Novemba usomee kupanda mbegu, usiusomee bati.

Mawe yakianguka kwangu nifanyeje, kuna mtu anayahitaji?

Ndiyo, kuliko mnavyodhani, sababu hakuna kifaa kinachosubiri mawe kila mtaa. Ngoja kwanza radi iishe kabisa. Okota makubwa matatu, yasiwe yaliyogandana, weka kwenye mfuko kwenye friza, kama umeme umekata piga picha harakaharaka. Weka rula pembeni, kama huna weka sarafu, sio mkono maana mikono haifanani, na picha ipigwe kutokea juu sio ubavuni. Andika saa yalipoanza na yalipokoma, upepo ulitokea wapi, kijiji au mtaa. Wapelekee TMA, na kwa wakulima mpe nakala mtendaji na afisa ugani kabla hujang'oa chochote shambani. Usiandike "makubwa kama ngumi", kila mtu ana ngumi yake.